Folda ya 03: nilivyoshusha sauti za wazee kwa mega chache

Saa nane usiku, Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi kusini mwa Kongo, ikiwa imelala, mtandao wa simu unapata pumzi. Hiyo ndiyo saa niliyoichagua kushusha hazina yetu ya sauti. Kompyuta nilikuwa nimeijaza chaji tangu jioni, simu nimeiweka dirishani igawe mtandao, na siku hiyohiyo nilikuwa nimenunua giga 10. Tunatumia git, programu inayotunza mafaili pamoja na matoleo yake yote. Nikaandika git clone, amri ya kushusha nakala nzima (kukloni), na anwani ya seva, nikakaa kuangalia asilimia zikipanda.

Lakini kwanza niseme mle ndani kuna nini. Tangu mwaka jana nawarekodi wazee wa hapa Lubumbashi waliofanya kazi ya shaba. Kuna walioingia kazini enzi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, kabla ya serikali kuitaifisha mwaka 1967. Wanasimulia tanuru, zamu za usiku, mgao wa unga, na lile bomba refu la moshi ambalo mpaka leo mtu akipotea mjini analitafuta kwa macho. Wanasema Kiswahili chetu, kile kilichokomaa kwenye makambi ya wafanyakazi, na sitaki mtu akisafishe. Mzee akisema batoto, ibaki batoto. Ninachokubali kusafishwa ni kelele tu: jenereta la jirani, jogoo, mvua juu ya mabati. Kazi hiyo anaifanya yaya wangu (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa) anayeishi Liège, kule Ubelgiji, kisha anaweka mafaili kwenye seva yake ndogo.

Rekodi zilikuwa tisa, kila mzee na yake kwenye folda yake, jumla saa 3 na dakika 40. Zote ni WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa, za kilohezi 48, biti 16, chaneli mbili. Hesabu yake ni nyepesi: kila sekunde inabeba baiti 192,000, yaani kama mega 11.5 kwa dakika. Nikapata giga 2.5 hivi, nikaona giga 10 zinatosha na kubaki.

Ikapita giga 2.5. Ikapita 3. Ilipofika 4 moyo ukaanza kunidunda, na asilimia ziko 68 tu. (Zile asilimia zinahesabu idadi ya vitu vilivyofika, si uzito wake. Siku hiyo sikujua.) Mtandao ukakatika kwa dakika labda mbili. Uliporudi, kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili: early EOF, yaani data imeisha kabla ya wakati, na mwingine kuhusu index-pack, kazi ya kufungua kilichofika. Nikafungua folda nione kilichookolewa. Folda yenyewe haikuwepo. Git ikishindwa kukloni inafagia kila ilichoanza. Zaidi ya giga 4 zimekwenda, na mkononi sina hata sekunde moja ya sauti ya mtu.

Niliumia sana. Si kwa pesa tu. Wazee wawili kati ya hao tisa hawako tena duniani.

Asubuhi nikampigia yaya. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pole sana mdogo wangu. Nilisafisha kila rekodi mara tatu, na zote tatu zimo." Hapo ndipo nikaelewa. Git haibebi mafaili ya leo peke yake, inabeba historia nzima. Kwa maandishi haina shida, kwa sababu ukibadilisha mstari mmoja inaweza kuhifadhi tofauti ndogo tu. Sauti iliyosafishwa imebadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho, na haibanwi kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo kila toleo linakaa karibu na uzito wake wote, na hata ukifuta faili leo, la jana linabaki kwenye historia na kila anayekloni analibeba. Giga 2.5 mara tatu: ndizo zilizokuwa zinanijia usiku ule.

Swali lililoniwasha zaidi ni kwa nini haikuendelea pale ilipokatikia, kama simu inavyoendelea kushusha video. Jibu liko namna seva inavyofanya kazi. Ukiomba kukloni, inakufungia kila kitu kwenye furushi moja, papo hapo, kwa ajili yako. Ukirudi baadaye inafunga upya, na hakuna ahadi kwamba furushi la pili litalingana na la kwanza baiti kwa baiti. Hivyo git haithubutu kuunganisha nusu ya lile na nusu ya hili. Nimelielewa, lakini bado naona zana hii ilijengwa na watu ambao mtandao wao haukatiki. Linus Torvalds alipoianza mwaka 2005 ilikuwa kwa ajili ya msimbo wa mfumo wa kompyuta wa Linux, yaani maandishi. Sauti za watu hazikuwamo kwenye hesabu.

Usiku uliofuata nilifanya hivi:

git clone --filter=blob:none --sparse (na anwani)

Maana yake: nipe orodha ya historia, lakini yaliyomo ndani ya mafaili usinipe mpaka niyaombe, na utandaze ya juu kabisa tu. Ikaisha kabla sijamaliza chai. Kisha nikaomba folda moja: git sparse-checkout add sauti/01. Ikaja hiyo tu, toleo la mwisho tu. Kesho yake 02. Mtandao ukikatika unapoteza folda moja, si tisa. Sharti ni seva iwe imeruhusu uchujaji huo. Ya yaya iliruhusu. Wengi wanashauri --depth 1, nayo inakata historia kweli, ila bado inaleta mafaili yote tisa kwa mkupuo mmoja, na ikikatika umerudi ulikotoka.

Ya 03 ilinishinda. Ni ndefu kuliko zote, dakika 42, na ilikatika mara mbili. Ndipo yaya akaamua kuhamishia WAV zote kwenye Git LFS, nyongeza iliyotengenezwa kwa ajili ya mafaili makubwa. Kuhamisha kuliandika historia upya, kwa hiyo nililazimika kukloni tena, lakini safari hii ilikuwa mega chache. Niliweka GIT_LFS_SKIP_SMUDGE=1 mbele ya amri ili isianze kuvuta sauti zenyewe.

Nikafungua faili la 03. Kicheza sauti kikakataa. Nikatazama uzito: baiti 130 na kidogo. Nilishtuka, nikadhani yaya ameharibu kila kitu. Nikalifungua kama maandishi, nikakuta mistari mitatu: toleo, alama ya sha256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, kama alama ya kidole), na size 483840044, yaani uzito wa sauti kwa baiti. Lile ni kielekezi, na sauti iko kwenye seva inasubiri kuitwa. Nikakaa na hiyo namba. Ondoa baiti 44 za kichwa cha WAV, gawanya kwa 192,000, unapata sekunde 2,520. Dakika 42 kamili, kama yaya alivyokuwa ameikata. Nimejua urefu wa maneno ya mzee kabla sijashusha hata neno moja.

Folda 01 na 02 sikuzivuta tena. Nilinakili WAV nilizokuwa nazo juu ya vielekezi vyake, nikafanya git add, git ikapima na kuona ni zilezile.

Kwa 03 nikaandika:

git config lfs.concurrenttransfers 1
git lfs pull --include="sauti/03/*"

Mstari wa kwanza ni muhimu kwa mitandao yetu. Bila huo inaweza kuvuta mafaili kadhaa kwa pamoja, yote yakagombania tundu moja la sindano. Ilikatika mara moja. Nikarudia amri ileile, ikaendelea pale ilipokuwa imefika. Nikapima kwa sha256sum, herufi zote 64 zikalingana.

Kwa wenzangu wa hapa Lubumbashi nimeona bora kuwapelekea kwa flashi. Onyo: git bundle inafunga historia vizuri kwenye faili moja, ila haichukui mafaili ya LFS. Nakili folda nzima pamoja na .git yake (folda iliyofichwa inayotunza historia), baada ya kuvuta unachotaka.

Na nyinyi mnaopandisha sauti kwenye seva, nawaomba: mzee mmoja mbele ya maikrofoni moja hahitaji chaneli mbili. Ni sauti ileile mara mbili. Rekodi zetu mpya zote ni za chaneli moja, na uzito umepungua nusu bila mzee kupoteza hata pumzi.

Ile ya 03 nilimpelekea binti ya mzee huyo huko Kenya, si nchi, ni mtaa wa jirani hapahapa Lubumbashi. Tukaisikiliza yote, mezani kuna bukari (ugali wetu) inayopoa. Dakika ya 17 baba yake anacheka, na akaniomba nirudishe hapo.

Usiku wa leo ninavuta 04.