Mbali kiasi gani

Nguo ziko kwenye mashine, nina kama saa moja na nusu hivi kabla hazijakauka. Nimeanza kuandika mara tatu na mara zote nimefuta. Nilitaka nianze na habari nzuri maana zipo, mama kala kiapo cha uraia Alhamisi na visa yangu ya Thailand imetoka, lakini nikianza tu mkono unarudi kulekule Jumatano, kwa yule mama. Kwa hiyo acha nianze na Jumatano maana isipotoka leo sitalala tena.

Mnajua hapa kwenye mafunzo ya umisionari kila Jumatano wanakuja Wathai wanaoishi huku Utah wanakaa na sisi tufanye mazoezi ya kufundisha. Hawaigizi mtu, wanakuja na maisha yao wenyewe, na sisi tunakaa wawili wawili mbele yao na daftari zetu. Huyu hatukuwahi kumuona. Kamzidi mama yangu umri kidogo, kavaa sweta la zambarau, na mkononi ana kibakuli cha embe mbichi zilizokatwa na chumvi ya pilipili pembeni. Jamani, embe mbichi na chumvi na pilipili, hapa Provo, na theluji dirishani! Nilikula kipande nikawa nimefika Kasulu sokoni. Akasema tumuite Pa. Kwao pa ni dada mkubwa wa mama au wa baba, sisi tungesema mama mkubwa. Wenzangu wa Kimarekani inawapa shida kumuita undugu mtu wasiyemjua, mimi nimekua kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nikiita nusu ya kambi mama mkubwa, kwa hiyo hapo nikajisikia nyumbani, nikasema moyoni leo itaenda vizuri.

Ikaenda vizuri kama dakika kumi. Halafu akaanza kutuambia habari za mama yake. Sikushika yote. Nilishika mae, mama, nikashika tai, kufa, nikashika thorasap, simu. Mwenzangu ndo alinijazia baadaye, kwamba mama yake alifariki kijijini kwao Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, yeye yuko huku, hakuwahi kufika, mazishi aliyaona kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akatuangalia wote wawili, akauliza:

"Phra jao yu thi nai kha?"

Mungu yuko wapi. Hilo nililielewa neno kwa neno. Na jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelikariri wiki nzima, hata mwenzangu nilimgusa goti asiongee, nikamwangalia Pa machoni nikamwambia kwa moyo wangu wote, Phra jao yu klai khun kha. Mungu yuko karibu na wewe.

Ndivyo nilivyodhani nimesema.

Pa akaangalia mikono yake. Akakizungusha kile kibakuli mezani, kidogo tu, kama mtu anayetafuta upande wake wa mbele. Akauliza taratibu, "Klai khae nai kha?"

Kiasi gani. Mimi nikafurahi, nikaona anataka kusikia zaidi. Nikamjibu "Klai mak kha." Sana. Akarudia, "Mak?" Nikasema, "Mak kha. Mak mak."

Sana. Sana sana.

Akaitikia kwa kichwa, akasema kha, ile kha ya kushuka ambayo mwanamke anasema akishakubali jambo. Tukasali, akatushukuru, akatuachia embe, akaondoka.

Mwalimu ndo aliniambia, kwenye korido, kwa upole sana. Aliandika maneno mawili kwenye ubao, ใกล้ na ไกล. Yote mawili ukiyaandika kwa herufi zetu ni klai. La kwanza ni karibu, la pili ni mbali. La kwanza sauti inaanzia juu inadondoka, la pili imelala tu, haipandi haishuki. Mimi nililaza. Nilimwambia mama wa watu aliyezika mama yake kwenye simu kwamba Mungu yuko mbali na yeye, na alipouliza mbali kiasi gani nikamwambia mbali sana.

Mwalimu akasema mai pen rai, haina neno, kila mtu hapa alishakosea toni, yeye mwenyewe alipokuwa kule alikosea makubwa zaidi. Najua. Kithai kina toni tano na siku ya kwanza tu walituambia tutakosea. Lakini kuna kukosea ukaagiza chakula kikaja kingine, na kuna hivi.

Toka siku hiyo narudia tu. Nikipiga mswaki niko naye, nikiwa foleni ya chakula niko naye, Jumanne ijayo wanasema anakuja mzungumzaji mkubwa na wote wanaongelea hilo, mimi niko na klai khae nai kha. Kinachonisumbua siyo kosa peke yake. Huyu mama ameishi na wanafunzi, anajua kabisa mgeni akiongea Kithai toni zinamwagika ovyo, haiwezekani hakujua nilichotaka kusema. Sasa kama alijua, kwa nini aliuliza mbali kiasi gani? Saa zingine naona alikuwa ananisaidia, ananirudishia neno langu nilisikie mwenyewe nijirekebishe, kama bibi anavyorudia kitu ulichosema vibaya mpaka ujishtukie. Halafu usiku naona hapana, aliuliza kweli. Kwamba mdomo wangu ulikosea ukaangukia kitu alichokuwa nacho ndani tayari, na akapata mtu wa kumuuliza. Na mtu mwenyewe akamjibu mak mak huku anatabasamu, maana mimi nilikuwa natabasamu, hilo ndo silisahau.

Nimefika mahali nikachukia hata Kiswahili. Kwetu karibu na mbali hata ukilewa huwezi kuchanganya. Na karibu yetu ndo hiyohiyo tunamwambia mtu mlangoni, mtu anapiga hodi unamwambia karibu, basi kashaingia, kashakaa, kashapewa maji. Kwa sarufi Kithai hakinitishi, kitendo hakibadiliki, hakuna nili wala nita wala ngeli, wenzangu wanashangaa nakwenda haraka. Hata kusoma naweza, herufi 44 zote nazijua na zile irabu zinazokaa mbele na juu na chini. Hiyo ใ ya mwanzo wa karibu ina kichwa kilichojiviringisha kama jongoo ukimgusa, na maneno yanayoandikwa kwa hiyo ni 20 tu, watoto wa Thailand wanayakariri kwa shairi. Karibu limo. Moyo limo pia, jai. Nayajua yote 20. Kwenye karatasi siwezi kukosea kamwe. Ni sauti ndo inanikataa.

Sasa leo asubuhi nimepiga simu nyumbani.

Nilijiambia sitawaambia, ni siku ya furaha ya mama, kaweka kibendera mezani na kila mtu anashangilia. Nikaongea na mama, nikaongea na Amani na mapacha, halafu bibi akachukua simu akaishika karibu kabisa hadi nikawa naona sikio tu. Nikamwambia shikamoo bibi, akaniitikia marahaba, palepale akaniuliza nani kakufanya nini. Sikuwa nimesema kitu! Basi nikamwambia yote.

Akasema, "Hebu yaseme hayo maneno."

Nikasema la kwanza.

"Na lingine?"

Nikasema la pili.

"Mbona umesema moja mara mbili?"

Mwenzangu alikuwa kitandani anapanga vikadi, hajui Kiswahili, nikamwomba ayaseme yeye taratibu kwenye simu. Akasema. Bibi kimya. Halafu bibi yangu, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, ambaye fomu zote alitia dole gumba, akasema klai, halafu akasema klai. Mbali, karibu. Safi kabisa, mara ya kwanza! Mwenzangu alipiga kelele, akaruka kutoka kitandani na vikadi vikamwagika, akamwambia arudie, bibi akarudia tena na tena, kila mara sawasawa.

"Hilo moja limelala, hilo lingine limeanguka," bibi akasema. "Sasa kigumu kiko wapi? Si kama inda na inda?"

Mama akacheka huko nyuma. Kwa Kirundi inda ni tumbo na inda ni chawa, kinachotenganisha ni sauti tu, na bibi alikuwa anatuambia hayo tukiwa wadogo akituchana nywele. Mimi sikuwa nasikiliza. Niseme tu ukweli hapa, nilikuwa naona aibu. Kambini wenzangu wengi walikuwa Wabembe na Wafuliiru na tuliongea Kiswahili wote, na bibi akiniita kwa Kirundi mbele yao nilikuwa najifanya sijasikia. Ananiita mara ya pili, ya tatu, mimi naendelea kucheza. Mwisho akaanza kuniita kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Nilikuwa na miaka kama saba, nane. Hii sauti ambayo nahangaika nayo hapa masaa yote, na walimu, na mashine ya kurekodi, na kufunga na kusali, ilikuwa inaniita nje ya mlango wetu na mimi sikuitika.

Nikamwambia bibi nisamehe. Akasema kwa lipi, nikamwambia, akasema hakumbuki. Sijui kama kweli hakumbuki.

Halafu akauliza, "Na huyo mama alisemaje ulipomwambia Mungu yuko mbali?"

"Aliuliza mbali kiasi gani."

Bibi akatoa simu sikioni, nikamuona uso sasa. Akasema, "Hata mimi niliuliza hilo. Kwenye mtumbwi."

Mnajua ni mtumbwi gani, ule wa 1996, kutoka Fizi kule Kongo kuja Kigoma, na kabla ya hapo alishakimbia Burundi mwaka 1972 akiwa binti mdogo kuliko mimi. Yale ya ziwani huwa hayaongelei. Nikamuuliza, bibi, nani alikujibu?

"Hakuna. Mjomba wako alikuwa analia, nikamshughulikia."

Basi. Palepale akaniuliza kama hawa Wathai wanakula wali, nikamwambia asubuhi mchana na jioni, akaridhika kabisa, akasema basi huko utaishi.

Tukakaa kwenye simu mpaka muda ukaisha, bibi anasema, mimi nafuata. Akanipa kitu ambacho kwenye vitabu vyetu sijakiona, alisema usilisukume hilo neno, linyanyue halafu liachie, kama unavyotua ndoo umechoka. Nikaliachia. Tulipokata mwenzangu akafumba macho, mimi nikawa nasema moja au lingine bila mpango, yeye ananyanyua kadi aliyosikia, karibu au mbali. Kumi. Alipatia tisa! Jamani tisa, wiki iliyopita ilikuwa kama kurusha shilingi. Tukarudia na sentensi nzima, Phra jao yu klai khun, na nilikuwa nasikia, yaani mwenyewe nasikia sikioni neno linavyodondoka, nikaanza kulia nikicheka na yeye akalia bila kujua sababu yote.

Keshokutwa ni Jumatano. Sijui kama Pa atakuja, wanabadilishana. Kibakuli chake tunacho, nimekiosha nikakikausha nikakiweka dirishani, kwa hiyo labda atakifuata. Nimeshaandika la kumwambia, kho thot kha, naomba radhi, na nitasema neno vizuri. Ila toka niongee na bibi sina uhakika tena kama nitalisema la karibu mara moja tu nikamaliza, kama kwamba lile swali lake lilikuwa kosa langu la toni basi limefutika. Labda nimuulize kwanza habari za mama yake. Alikuwa anaitwa nani, alikuwa anapika nini. Maneno ya kuuliza hayo ninayo, nimeyahesabu.

Mengine kwa haraka, Dada yule wa chumba cha pembeni amerudi kwao, mumwombee. Baridi imezidi. Basikeli bado najifunza, nimefika mzunguko mmoja wa uwanja bila kushika miguu chini.

Kitu kimoja, Amani, ukisoma hii nijibu wewe, usimpe mama. Leo kwenye simu baba sikumuona. Mmesema yuko kazini. Lakini Jumatatu hana zamu, haijawahi kubadilika toka tuhamie Salt Lake, na mama alipokuwa anazungusha simu kunionyesha bendera niliona kofia yake ya kazi imening'inia pale kwenye msumari. Baba hatoki bila ile kofia. Na mlangoni viatu vyake sikuviona. Ni dakika 45 tu kutoka hapa na siwezi kuja kuangalia. Niambie yuko wapi.