Sponji niliyotoka nayo Tanga

Nilipohamia Dodoma mwaka 2018, ofisi za serikali zinahamia na sisi wengine tunafuata wateja, nilibeba vifaa vyangu vya ufundi wa TV pamoja na kipande cha godoro. Ndiyo, godoro. Kule Ngamiani, Tanga, tulikuwa tunalaza bodi, yale mabamba ya ndani ya TV yenye vipuri, juu ya sponji ili vidude vya chini visikwaruzike. Mjomba aliyenifundisha kazi alifanya hivyo tangu enzi za TV za chogo, na sikuwahi kuona bodi iliyokufa kwa ajili ya sponji.

Bodi za Tanga zilikufa kwa chumvi. Unafungua TV ambayo bado inang'aa kwa nje, unakuta miguu ya aisi, vile vipuri vyeusi vyenye miguu mingi, imeota ukijani. Kwa hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye unyevu. Bodi za akiba nilizihifadhi kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana, na ndani nikitupia vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Zikipatikana punje za buluu ndizo nzuri zaidi, maana zikishiba maji zinageuka pinki. Nyeupe hazikwambii kitu, unabaki kuzitegemea wakati zimeshashiba zamani. Zikishiba, nyingi zinarudi kazini ukizikausha kwenye oveni kwa nyuzi 110 au 120, saa kadhaa.

Basi nikafika Dodoma na ndoo yangu na sponji yangu. Ikaja Julai.

Mtu wa pwani hajui kiangazi cha huku. Midomo inapasuka, upepo unapiga vumbi, ukivua sweta la nailoni gizani unaona cheche. Mwezi ule mazabodi, yaani bodi kuu, tatu zilinifia mezani. Nilizitoa kwenye TV zikiwa nzima, kasoro za kioo tu, nikazilaza kwenye sponji, kuzirudisha hakuna kitu. Nikamlaumu aliyeniuzia vioo. Nikalaumu umeme wa mtaa. Jioni moja nikaivuta ile sponji ili nifute meza, vinyweleo vya mkono vikasimama vyote.

Nilikaa chini kwenye kigoda.

Hewa ya Tanga ina maji mengi, na yale maji hutandaza utando mwembamba juu ya kila kitu, umeme tuli, ule wa kusuguana, ukavujia humo kabla haujajikusanya. Dodoma kiangazi utando huo haupo. Sponji, mfuko wa plastiki, sweta, vyote vinajaza chaji na kukaa nayo. Na mkono wako hautakuonya: mtu hausikii mrusho mpaka ufike kama volti 3,000, ilhali zipo aisi zinazoumia kwa volti zisizofika 100. Nyingine hazifi hapo hapo. Zinalemaa, TV inaondoka dukani inawaka, baada ya wiki mbili mteja amerudi amefura.

Siku hizi bodi inakaa kwenye mfuko wa rangi ya fedha, ule unaokuja na vipuri vipya, na nashika kingo tu. Mfuko wa pinki wa vipuri si sawa na huo: wenyewe hauzalishi chaji, lakini haukingi inayotoka nje. Kijana wangu wa dukani aliwahi kuona karatasi ya foili ya jikoni inang'aa vilevile, akafungia mazabodi ya kompyuta ikiwa na betri yake. Foili ikagusanisha miguu huku na huku, betri ikaisha. Alibahatika kuishia hapo.

Mkononi navaa kamba ya ethi, ya kupeleka chaji ardhini, yenye rezista (kizuizi cha umeme) ya megaomu 1 ndani yake, ili nikigusa umeme wa 230 kwa bahati mbaya usinipitie wote. Kamba haina maana kama soketi yenyewe haina ethi, na soketi ya chumba nilichopanga lilikuwa tundu la urembo tu. Fundi umeme akanipigia chuma ardhini nyuma ya duka. Udongo ulikuwa mkavu mno, akaniambia nimwagie maji ya chumvi na mkaa. Nimeikimbia chumvi kilomita zote zile, sasa nainunua sokoni niimwagie ardhi.

Unyevu nao sijausahau, kwa kuwa wateja wengine wanahamia huku na TV za pwani. Aisi iliyonywa maji kwa miaka, ukiipuliza moto ghafla, maji yanageuka mvuke ndani na inapasuka kama bisi. Bodi za namna hiyo nazianika kwanza kwenye oveni ndogo, nyuzi 90, usiku kucha.

Mwezi uliopita mjomba alinitumia bodi kwa basi. Ilikuwa imefungwa gazeti, juu yake soksi, juu yake mfuko wa mchele. Nikampigia simu.

"Shikamoo mjomba. Hii soksi ya nini?"

"Marahaba. Si ulisema plastiki mbaya? Hiyo pamba, mwanangu."

Kona moja ilikuwa na ukijani. Nikaisugua kwa mswaki na spiriti, nikaikausha, nikaichomeka. Ikawaka. Soksi nimeifua, nitamrudishia sikukuu ya Idi.