Ndevu Nyeusi Tangini

Ami alipofika likizo kutoka melini, Baba alikuwa ameshamaliza hila zake zote za kuuondoa mwani kwenye tangi letu la samaki. Alikwangua kioo kwa wembe, akatoa mawe akayaroweka kwenye siki, akapunguza chakula cha samaki hadi Nyanya akamwonea huruma yule gapi mwenye mkia wa bluu. Ule mwani haukubanduka. Ulikuwa vishungi vifupi vyeusi, vimeng'ang'ania kingo za majani makongwe na mdomo wa bomba la chujio, mahali ambapo maji yanakwenda mbio. Baba aliuita ndevu. Nyanya akipita na tasbihi yake huuliza, "Na hao samaki wako wanyoa lini?"

Tangi lenyewe lilikuwa la lita 100 hivi, pale sebuleni kwetu Majengo, limeelekea dirisha la uchochoro. Hita hatukuwa nayo. Mombasa atakaye kupasha maji joto ana lake jambo. Samaki walikuwa gapi na moli, na walizaana vizuri mno. Hilo ndilo lililotupoteza. Gapi na moli hupenda maji magumu yenye chokaa, na kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo tukiwaona wanene na watoto wao wametapakaa, nani angeshuku maji?

Ami alikuwa mtu wa chumba cha injini. Hakuuliza neno, alinyofoa kishungi kimoja kwa kucha, akakitia kwenye kifuniko cha soda, akamimina spiriti juu yake. Tukainamia. Baada ya muda weusi ukaanza kuondoka, kikabaki kitu chenye wekundu kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. "Huu ni ukoo wa mwani mwekundu," akasema. "Weusi ni nguo tu. Samaki wengi hawaugusi ukiwa hai."

Akanituma duka la dawa nikalete haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Alizima chujio ili maji yatulie, akaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akawa anaisukuma polepole karibu kabisa na kila kishungi. Povu dogo likapanda. Kwa tangi zima alitumia mililita 30 basi, kwa sababu dawa ikizidi huunguza mashavu ya samaki. Kisha akaacha kidogo, akawasha chujio. Siku zilizofuata ndevu zikageuka waridi, halafu nyeupe, na moli waliokuwa wakizipita kama hawazioni wakaanza kuzidonoa.

Baba alifurahi akataka kuwaita majirani waje waone. Ami hakufurahi.

"Watia maji gani?"

"Ya kisima."

"Na ya zamani wayatoa?"

Baba akasema huyatoa mara mojamoja. Mara nyingi huongeza tu, maana ilikuwa Kaskazi, joto limekaza, na maji yalikuwa yakipungua tangini ukiangalia. Ami akacheka kile kicheko chake cha puani. Akatueleza kwamba boila ya meli ina ugonjwa huohuo: linalopanda ni mvuke mtupu, chumvi na uchafu vinabaki chini, wewe waongeza maji mengine yenye vyake, mwisho ndani ni mchuzi. Ndiyo maana mabaharia huyapima maji ya boila na kuyamwaga sehemu. Na mwani, alisema, wataka mwanga na chakula. Mwanga twautoa dirishani tangu alfajiri, sasa tutazame chakula.

Alikuwa na karatasi za kupimia alizonunua huko Singapore kwa ajili ya tangi la rafiki yake. Akachovya moja tangini. Kipande cha kupimia nitrati, chumvi itokanayo na uchafu kama kinyesi ambayo ndiyo chakula cha mwani, kikaiva waridi iliyokolea. Nikatumwa kisimani na kopo. Karatasi ya pili ikaiva karibu vilevile. Ya tatu tukaichovya kwenye maji ya mfereji, yale yatokayo chemchemi za Mzima, yaliyokuwa yamebaki kwenye mtungi, ikakaa nyeupe.

"Choo cha ule upande," Mama akasema papo hapo, na hakuna aliyembishia. Vyoo vya shimo vimezunguka visima vyetu mtaa mzima, na matumbawe yana matundu. Yanayoingia huku hutokea kule.

Hapo Ami akauliza mtoto anapewa maji gani. Dada yangu alikuwa amejifungua, na mfereji ulikuwa ukikatika kila mara, basi maziwa ya kopo ya mtoto yalikorogwa kwa maji ya kisima. "Lakini nayachemsha!" dada akasema, tena kwa hasira. Ami akamjibu kwa upole ambao sikuuzoea kwake: moto huua vijidudu, nitrati hauiwezi, maji yakipungua sufuriani yenyewe yazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga hasa, kwani nitrati ikizidi damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Karatasi yetu ilikuwa imeipita rangi ya 50 kwenye kibao.

Jioni hiyohiyo Baba alisimamisha mkokoteni wa kuuza maji ya mfereji.

Yaliyobaki ya tangi yalikuwa kazi ya kawaida. Pazia zito dirishani, taa saa 6 kwa siku, majani makongwe yakakatwa, na kila wiki thuluthi ya maji ikatolewa, ikatiwa ya mfereji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue. Ndevu zilikonda zikabaki kwenye mdomo wa bomba tu, na Baba akaziachia hapo.

Aliyekasirika ni Nyanya. Mtungi wa kwanza wa mkokoteni ulikwenda kwa mtoto, wa pili kwa samaki, na sisi wengine tukaambiwa tuendelee kuoga ya kisima. "Basi niambieni," akasema, "mimi niote mkia ndio nioge maji ya Mzima?"