Kutoka Thanjavur hadi Chennai, nikimfuata Balasaraswati

Januari ni mwezi mzuri wa kuzunguka Tamil Nadu, kusini mwa India. Mvua zimekatika na jua bado linavumilika. Nilianzia Thanjavur, kwenye hekalu la Brihadeeswarar lililokamilika mnamo mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza. Kutani mwa hekalu hilo yamechongwa maandishi ya Kitamil yanayowataja wanawake 400 walioletwa kulitumikia kwa ngoma, kila mmoja kwa jina lake na nyumba aliyopewa. Sijui kusoma Kitamil, lakini nilisimama pale muda mrefu huku watalii wakinipita kwenda kupiga picha mnara.

Aliyenileta huko ni T. Balasaraswati, mcheza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, aliyezaliwa Madras, Chennai ya leo, tarehe 13 Mei 1918. Ukoo wao ulihesabiwa kwa upande wa akina mama. Papammal, bibi yao wa karne ya 18, alikuwa msanii katika baraza la wafalme wa Thanjavur. Mji huohuo ndiko walikotoka ndugu wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 waliupa mchezo huu mpangilio unaofuatwa mpaka sasa. Kandappa Pillai, mwalimu wa Balasaraswati, alikuwa wa ukoo wa ndugu hao, na kwa masimulizi yote alikuwa mkali kupindukia.

Nilipanda treni ya usiku, nikashukia Chengalpattu alfajiri, nikachukua basi hadi Kanchipuram. Ni mji wa mahekalu na wafumaji wa sari za hariri. Hapa, mwaka 1925, Balasaraswati alicheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, hekaluni, akiwa na miaka 7.

Mwaka 1975 alitoa hotuba akieleza kuwa onyesho la Bharatanatyam limejengwa kama hekalu. Nilitaka kuyafuata maneno yake kwa miguu. Alarippu, mchezo wa kufungulia, ni mnara wa lango: nikavua viatu, nikapita chini yake. Jatiswaram, ambapo mwili unafuata muziki bila hadithi yoyote, ni ukumbi wa mwanzo. Sabdam, ambapo maneno yanaingia kwa mara ya kwanza, ni ukumbi mkubwa wa nguzo. Humo nilikuta wanawake wenye asumini kichwani wameketi wakisubiri, na mtoto akikimbia kutoka nguzo hadi nguzo. Varnam, mchezo mrefu na mgumu kuliko yote, ni ua unaozunguka patakatifu. Halafu inakuja padam. Miguu inatulia, kilichobaki ni uso, macho, mikono na wimbo wa taratibu. Hapo ndipo umeingia chumba cha ndani, chenye giza na ubaridi. Mimi si Mhindu, nikaishia mlangoni. Nikiwa pale ilipigwa kengele na kafuri ikawashwa. Hiyo kwake ilikuwa tillana, mchezo wa kufungia, wenye kishindo na shangwe.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu sanaa hii, na sijaona yanayoyafikia hayo.

Chennai nilikwenda kwanza Mylapore, kwenye hekalu la Kapaleeshwarar. Balasaraswati alipokuwa mdogo alimtazama Gowri Ammal akicheza huko, na baadaye akajifunza kwake ufundi wa kueleza hisia kwa uso na mikono. Gowri Ammal huyohuyo alimfundisha pia Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la juu la Brahmin aliyeanzisha shule ya ngoma ya Kalakshetra mwaka 1936. Rukmini Devi aliifikisha ngoma hii kwa mabinti wa familia zilizokuwa zikiikwepa, na heshima yake hiyo siwezi kuipunguza. Ila aliona mahaba ya kimwili yapunguzwe. Balasaraswati alikataa katakata. Kwake mahaba ndiyo roho ya mchezo, kwa kuwa mpenzi anayeimbwa ndiye Mungu mwenyewe, na hapakuwa na uchafu wa kusafishwa. Nami niko upande wake.

Kwani nyakati zile wanawake wa jamii yake, devadasi, yaani waliowekwa wakfu kuyatumikia mahekalu kwa ngoma, walikuwa wakitajwa kwa aibu, na mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu. Wengi wa jamii hiyo waliacha kucheza, huku ngoma yenyewe ikipanda majukwaa makubwa. Balasaraswati aliendelea. Mama yake, Jayammal, alimwimbia jukwaani miaka na miaka.

Katika filamu aliyotengenezewa na mwongozaji Satyajit Ray mwaka 1976, anacheza ufukweni upepo ukimpeperusha sari, akiwa mama anayemwita mungu Krishna akiwa bado mtoto. Mstari wa wimbo ni uleule, lakini kila unaporudiwa anamwita kwa namna nyingine: kwa kubembeleza, kwa kukaripia, kwa kujifanya hajali. Ana miaka 58, mwili mzito, na sijui kijana wa kushindana naye.

Jioni yangu ya mwisho niliingia Music Academy, taasisi ya muziki ya Chennai, ambako siku hizo kulikuwa na tamasha lao la ngoma. Balasaraswati alifungua shule yake chini ya taasisi hiyo mwaka 1953. Mwaka 1961 alicheza Tokyo, mwaka uliofuata Marekani, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Wesleyan, hukohuko Marekani, walikofundisha pia wadogo zake wa kiume, Viswanathan mpiga filimbi na Ranganathan mpiga ngoma. Mwaka 1973 Academy ilimpa Sangita Kalanidhi, tuzo ya wanamuziki, na hakuna mcheza ngoma aliyeipata kabla yake. Naona ilimstahili hasa, maana alikuwa akiimba huku akicheza. Alifariki Februari 1984. Binti yake, Lakshmi, akaendelea kucheza na kufundisha, na baada ya Lakshmi mwanawe, Aniruddha Knight. Kwa vizazi vyote hivyo ngoma haijatoka nyumbani kwao.