Siku Moja Maishani Mwangu: Rekodi za Wagonjwa Zilipofungwa

Saa 11:40 alfajiri niliamshwa na simu ya muuguzi wa zamu katika hospitali ninakosimamia mifumo ya kompyuta. Rekodi za wagonjwa zilikuwa hazifunguki, na kila skrini ilidai fidia ili zifunguliwe. Nilimwomba achomoe nyaya za mtandao bila kuzima mashine, kwa kuwa mashine ikizimwa, baadhi ya ushahidi hupotea.

Saa 1:00 asubuhi nilifika. Wahalifu walikuwa wamefunga mafaili yote ya seva kuu, kompyuta inayohifadhi rekodi zetu, kwa msimbo, wakataka walipwe kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, kabla ya saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma kufika sifuri.

Saa 2:30 nilipita maabara, na hapo ndipo nilipoona madhara yenyewe. Printa ya lebo ilikuwa imekufa, hivyo muuguzi aliandika majina kwa kalamu juu ya plasta, akabandika kwenye vichupa vya damu, huku mwenzake akimsomea kila jina herufi kwa herufi. Mama mmoja, aliyekuwa hajala tangu jana yake usiku akisubiri upasuaji, alirudishwa nyumbani kwa sababu daktari hakuweza kuona ni dawa gani humdhuru. Wanaosema mashambulizi haya huumiza mashine tu hawajamwona mama huyo akifunga kanga yake kimya kimya.

Saa 5:00 uongozi uliuliza kama tulipe. Nilipinga, kwani anayelipa hana hakika ya kupewa ufunguo wa kufungulia mafaili, na pesa zake hugharimia shambulio linalofuata. Niliwakumbusha shambulio la Mei 12, 2017 la WannaCry, programu iliyofunga mafaili na kudai fidia, lililovuruga hospitali nyingi za Uingereza na kufuta maelfu ya miadi, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la programu, cha kuziba tundu lililotumiwa tangu Machi mwaka huo.

Saa 8:00 mchana tuligundua mlango walioingilia: kiambatisho cha barua pepe kilichojifanya ankara. Karani aliyekifungua alilia. Sikumlaumu, maana akaunti yake ilikuwa na mamlaka ambayo kazi yake haikuyahitaji, na kuyapunguza lilikuwa jukumu letu.

Saa 11:00 jioni, baada ya kusafisha seva, tulianza kurejesha nakala rudufu ya Jumamosi, iliyonusurika kwa kuwa diski yake haikuwa imeunganishwa na mtandao.

Saa 4:00 usiku jalada la yule mama lilifunguka. Muuguzi alinakili jina la dawa inayomdhuru, kisha akampigia simu aje kesho. Rekodi za siku tatu zilizokosekana tulianza kuziingiza upya kutoka kwenye karatasi.