Usiipe bahari mgongo

Jumapili iliyopita umeme ulikatika kwa mama mkwe, tukahamia barazani. Mdogo alikuwa amelala chali kwenye mkeka, miguu kaitupa kila upande, na dada yake akatoka ndani mbio na kikombe cha maji, akamruka. Sauti ya mama mkwe niliisikia kabla sijaona kilichotokea.

"Rudi! Rudi ulikotoka, umruke tena! Unataka mwenzio asikue?"

Binti akasimama na kikombe mkononi. Hakumtazama bibi yake, alinitazama mimi.

"Mama, ni kweli? Wewe si umesoma Ulaya?"

Sikumjibu pale pale. Nilikuwa nimekwishaondoka barazani kwa mawazo. Nilikuwa St Andrews, mji wa chuo nilichosoma kule Uskoti, alfajiri ya tarehe 1 Mei, maji ya Bahari ya Kaskazini yananigonga magotini.

Kosa lenyewe nililifanya wiki ya tatu tangu nifike Uskoti. Mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu, kama kawaida ya kule, nami nilichelewa mhadhara. Nikakata njia mbele ya mnara wa kanisa la St Salvator's, pale North Street, nimeinamisha kichwa. Mtu akanivuta mkono wa koti kwa nguvu nikayumba. Alikuwa mama yangu.

Mama yangu wa chuo, namaanisha. Kule mwanafunzi wa mwaka wa tatu huwachukua wageni wa mwaka wa kwanza akawa mama yao au baba yao, na wikiendi maalumu ipo ya kulisherehekea jambo hilo. Zamani mtoto alimpelekea mzazi wake ratili ya zabibu kavu, naye akapewa stakabadhi iliyoandikwa kwa Kilatini. Huyu wangu alinizidi miaka miwili tu, lakini siku ile uso wake ulikuwa wa mama hasa.

"Umemkanyaga Patrick," alisema.

Nikatazama chini. Mawe madogo ya njia yalikuwa yamepangwa yakafanya herufi mbili, PH, na kiatu changu kimoja kilikuwa bado juu ya P.

Alinisimulia tukiwa tumesimama kwenye mvua. Patrick Hamilton alikuwa kijana wa miaka 24 hivi. Alisoma Paris, akarudi akajiunga na chuo chetu hicho hicho cha St Andrews, akavutwa na mafundisho ya Luther, akakimbilia Ujerumani, kisha akarudi tena nyumbani akijua kinachomngoja. Askofu mkuu James Beaton alimwita ajieleze. Tarehe 29 Februari 1528 alihukumiwa, na siku hiyo hiyo akachomwa moto mbele ya lango lile. Kuni hazikushika vizuri. Alianza kuungua saa sita mchana, akakata roho saa kumi na mbili jioni. Wanafunzi wanaamini kwamba anayekanyaga herufi zake hatapata shahada, na dawa ni moja tu: kuingia baharini jua linapochomoza tarehe 1 Mei.

Nilitabasamu kwa adabu. Kumbe neno lilikuwa limeshaingia. Mtihani wa Desemba nilifeli somo la uchumi, na masharti ya ufadhili wangu yalikuwa wazi: somo moja unaitwa kujieleza, mawili unarudi nyumbani. Tangu hapo kila nilipopita North Street nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara nikitazama. Vipindi vilipobadilishana watu walimiminika kwenye lango lile kama maji, na walipofika pale kwenye mawe maji yakagawanyika yenyewe, nusu kushoto nusu kulia. Hakuna aliyepunguza mwendo wala kukatiza mazungumzo. Miguu ilijua. Chini kidogo, mbele ya magofu ya ngome, kuna herufi nyingine, GW, za George Wishart aliyechomwa mwaka 1546 kwa kosa la aina hiyo hiyo. Zile niliona watu wakipita juu yake bila habari. Hilo liliniumiza kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Usiku wa tarehe 30 Aprili wanafunzi waliteremka gatini na mienge wakiimba, kumkumbuka John Honey, mwanafunzi wa zamani ambaye mwaka 1800, meli ya Janet of Macduff ilipokwama karibu na ufukwe, alijitosa na kamba kiunoni akawatoa mabaharia waliokuwa wamekwisha nguvu. Mimi sikwenda. Niliiona mienge dirishani, nikachukua kadi ya simu nikampigia bibi Pangani. Nilitaka anikataze. Nilikuwa na hakika ataniambia niache ushirikina wa wazungu, niswali, nilale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Nikamweleza yote, Patrick, mawe, mtihani, bahari. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Aliacha mtoto?"

Jibu nilikuwa nalo, nilishalisoma maktaba. Alimwacha mke mjamzito, na binti yake akazaliwa yeye akiwa keshakuwa majivu.

"Kama mama yako," bibi akasema.

Babu alipotea na jahazi la boriti kati ya Pemba na Pangani, msimu wa kusi, mimba ya mama ikiwa ya miezi saba. Nyumbani hatukuwa tunalizungumza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia bibi akiligusa, na dakika za kadi zilikuwa zinakwisha.

"Basi ingia," akasema. "Lakini usiipe bahari mgongo."

Sikulala. Niliswali, nikavaa gauni la pamba na suruali chini yake, nikateremka ufukwe wa East Sands gizani na mama yangu wa chuo, yeye amevaa joho lake jekundu la sufu. Mamia ya watu walikuwa wameshafika, wengine wamewasha moto mchangani, wengine wanaruka kupasha mwili. Nilijiuliza kama ninakwenda kuabudu jiwe. Mbingu ikaanza kuwa na rangi ya papai upande wa baharini, mtu akapiga kelele, na ufukwe mzima ukakimbia.

Mimi nilitembea. Nimezaliwa kando ya bahari lakini ile sikuitambua. Baridi ilianza kwenye mifupa ya vidole, ikapanda kama kamba inayokazwa na watu wawili, ilipofika tumboni pumzi ikakatika kabisa, nikawa nafungua mdomo na hakuna kinachoingia. Nikasema Bismillahi bila sauti. Nikazama mara moja. Nilipoinuka nilisikia moyo wangu masikioni, na kelele zote za watu zikawa mbali. Nikazama mara ya pili. Ya tatu nilikaa chini ya maji kidogo, macho wazi, na sikumfikiria Patrick wala mtihani. Nilimfikiria babu ambaye sina hata picha yake, kama maji yaliyomfunika yalikuwa ya vuguvugu.

Nilipotoka kichwa nje jua lilikuwa limechomoza nusu. Watu walikuwa wameshageuka wanakimbilia moto na mataulo. Nami nikaanza kurudi kinyumenyume. Kisigino kinatafuta mchanga, kinapata mwani, kinapata kombe, kinatafuta tena, uso wangu kwenye mawimbi. Wengine walinigonga wakipita. Mmoja aliniuliza kama niko salama. Sikuweza kujibu, meno yalikuwa yanagongana.

Mgongo wangu ukakutana na joho. Mama alikuwa ameingia majini hadi magotini kunipokea, akanifunika. Lilikuwa zito, lilinuka sufu mbichi na moshi.

"Kwa nini unatembea hivyo?"

Nikamwambia kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kwa baridi kwamba bibi yangu kasema, na kwamba babu yangu alichukuliwa. Hakusema kitu. Alinishika mkono, naye akageuka akaikabili bahari, tukaupanda ufukwe ule wote wawili kinyumenyume mpaka tukafika mchanga mkavu.

Agosti nilirudia mtihani nikafaulu. Nilikuwa nimesoma usiku na mchana, na nilikuwa nimeoga, na mpaka leo sijui kipi kilinibeba. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa tatu. Nilikuwa na watoto wangu wawili wa chuo wakati huo, na wote niliwaonyesha yale mawe siku ya kwanza, nikawatajia jina na tarehe.

Hilo ndilo lililonikaba barazani Jumapili. Nyuma ya PH kuna mtu, ana umri, ana binti. Nyuma ya miguu ya mtoto aliyelala kwenye mkeka kuna nani? Nani alirukwa asikue, mama yake akalia mpaka kijiji kizima kikajifunza kuzunguka? Bibi pengine alijua. Nilikuwa na kadi ya simu mkononi na sikumuuliza.

"Rudi umruke, mwanangu," nikamwambia.

Aliweka kikombe chini kwanza, akakunja gauni, akamruka mdogo wake taratibu kuliko alivyoruka mwanzo. Mtoto hata hakuamka. Mama mkwe akaendelea na ukili wake.

Asubuhi niliwakuta mlangoni wawili. Amemsimamisha mdogo wake kwenye mwimo, kisigino ukutani, amemlazia daftari utosini, na anachora mstari kwa penseli.