Spika za Honi na Betri ya Gari

Umeme ulipokatika Unguja mnamo Desemba 2009, kwa hitilafu katika njia ya waya wa chini ya bahari uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara, wengi wetu tulidhani ni jambo la siku mbili tatu. Giza lile liliendelea hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, majokofu yakageuka makabati, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa moshi na ngurumo za jenereta. Ni katika miezi hiyo, ambapo watu wenye akili zao walikuwa wakinunua madumu na mishumaa, ndipo mimi niliponunua spika mbili zenye ukubwa wa kabati.

Muuzaji alikuwa mgeni kutoka Ulaya aliyeendesha nyumba ndogo ya kulala wageni upande wa Vuga, na ambaye giza lilikuwa limemchosha kiasi cha kuamua kuondoka. Alikuwa akiuza kila kitu, kuanzia vitanda hadi vijiko. Nilikwenda kutazama feni, nikakuta katika ukumbi wa kulia chakula spika mbili za mbao tupu zisizo na kitambaa mbele, na katika chumba chake cha kulala jozi nyingine ndogo zaidi, zote za Klipsch, kampuni ya Marekani ambayo jina lake nililijua kutokana na majarida ya zamani ya marehemu baba. Zile kubwa ni aina inayoitwa La Scala, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963. Zile ndogo ni Heresy, za mwaka 1957 kwa asili yake, ingawa hizi zilikuwa za matoleo ya baadaye. Alitaka shilingi 900,000 kwa jozi ya kwanza na 600,000 kwa ya pili. Uwezo wangu ulikuwa ni kuchukua jozi moja tu, na hata hiyo kwa kukopa.

Nilirudi kesho yake pamoja na ami yangu, ambaye alitengeneza redio za watu kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye hakuamini kitu chochote mpaka akipime. Nilimweleza njiani kwamba neno Heresy maana yake ni uzushi, na kwamba Paul W. Klipsch, mhandisi aliyeanzisha kampuni hiyo katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas, alikuwa amejijengea sifa kwa spika kubwa ya kuwekwa kwenye pembe ya chumba, ambayo kuta mbili zinazokutana huwa sehemu ya honi yake, yaani lile bomba linalopanuka na kukuza sauti. Alipotengeneza spika ndogo isiyohitaji pembe ya ukuta, mwenzake mmoja akamwambia kuwa huo ni uzushi, naye akalifanya neno hilo kuwa jina. Ami alisimama katikati ya njia akacheka, kisha akasema, "Basi mwanangu, hiyo ya uzushi tuiache, tusije tukaulizwa."

Alikuwa akitania, lakini ndani ya utani ule mlikuwa na hoja ya ufundi. Mtu akipuliza kwa midomo mitupu, pumzi yake haifiki mbali. Akiitia pumzi ile ile katika baragumu, mji mzima unaamka. Honi ya spika hufanya kazi hiyo hiyo: kiwambo kidogo husukuma hewa katika koo jembamba, na koo hilo hupanuka polepole hadi mdomo mpana, kiasi kwamba mtikisiko mdogo sana wa kiwambo huwa sauti kubwa chumbani, na kwa kuwa kiwambo hakilazimiki kwenda mbali, sauti hubaki safi. Kipaza sauti cha msikitini ni ndugu wa karibu wa kifaa hiki, japokuwa yeye hakuumbwa kwa ajili ya ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Tatizo ni besi, yaani sauti nzito za chini. Wimbi la sauti la hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na honi ya kulibeba wimbi hilo sawasawa ingekula nyumba nzima. Katika La Scala, wufa, yaani kiwambo kikubwa cha besi, ya inchi 15 imefichwa ndani ya kasha, ikisukuma hewa katika mwanya unaogawanyika na kukunjwa hadi kutokea mbele pande zote mbili, na hata hivyo honi hiyo ni fupi, haishuki sana chini ya hezi 50. Katika Heresy, honi zipo kwa sauti za kati na za juu tu. Wufa yake ya inchi 12 inatazama chumba moja kwa moja. Huo ndio uzushi wenyewe.

Ami alianza na mchwa. Aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, akanusa pembe, akapitisha kisu katika maungio, akaridhika. Kisha akatoa mita yake ya umeme, akapima waya za kila kiwambo, na hapo ndipo tulipogundua kuwa tuita moja ya La Scala, kiwambo kidogo cha sauti za juu, ilikuwa imekufa kabisa, mshale hautikisiki. Muuzaji alisema hajui lolote kuhusu hilo. Huenda ni kweli, kwani tuita hizo hubeba sauti za juu ya hezi 6,000 tu, na mtu wa makamo anaweza kuishi miaka mingi bila kutambua kuwa moja imenyamaza. Alipunguza shilingi 150,000, na mimi nikaona kama aliyeokota dodo chini ya mnazi.

Kwa kuwa umeme haukuwapo, Ami alikuwa amebeba redio ya gari yenye mkanda pamoja na betri ya volti 12, vyote vimefungwa katika kikapu cha ukindu. Redio ile haikuwa na zaidi ya wati 4 za kuaminika kwa kila upande. Niliona haya mbele ya muuzaji, maana spika za namna ile nilizoea kuziona pichani zikiwa na amplifaya zenye taa na vyuma vya kung'aa. Ami hakuona haya yoyote. Aliunganisha kwanza Heresy, akaweka mkanda wa taarab ya kale, fidla, udi, ganuni na dumbaki, na chumba kikajaa. Nilisikia kila ncha ya kidole juu ya nyuzi. Lakini dumbaki ilikuwa na jambo: mlio wa juu wa ngozi ulitoka mbele, karibu na uso wangu, ilhali mshindo wake wa chini ulikuja nyuma kidogo, mzito na wa taratibu, kama watu wawili wanaopiga ngoma moja bila kutazamana.

Tulipohamia ukumbini na kuunganisha La Scala, Ami alilazimika kupunguza sauti kabla hajakaa. Kwa hesabu za kiwandani, wati moja huipa Heresy desibeli 96, kipimo cha ukubwa wa sauti, umbali wa mita moja, na La Scala 104. Tofauti ya desibeli nane inaonekana ndogo katika maandishi, lakini maana yake ni kwamba ile ndogo inahitaji nguvu mara sita na zaidi kufikia mlio ule ule. Jambo lililonishinda, hata hivyo, halikuwa ukubwa wa sauti. Dumbaki ilirudi kuwa na mpigaji mmoja. Ngozi na mshindo vilitoka pamoja, kwa mkono mmoja, na mwimbaji alipovuta pumzi kabla ya beti niligeuka kutazama mlangoni. Kasoro zilikuwepo: besi ilikatika mapema, na honi ya kati, ambayo ni ya chuma, ilikuwa na ukali fulani katika sauti za wanawake zinapopanda. Mpwa wangu, aliyekuja kutubebea, alisema waziwazi kuwa spika hizi hazina "dundo", na kwa muziki anaoupenda yeye alikuwa na haki. Nami ningemshauri mtu mwenye chumba cha kawaida na umeme wa uhakika achukue zile ndogo bila kufikiri mara mbili. Mimi nilikuwa na betri, mikanda ya baba, na ami asiyependa uzushi.

Kila spika ilikuwa na kilo zaidi ya 50. Hamali wawili walizileta kwa rukwama hadi Mkunazini, na ngazi za nyumba yetu zikachukua muda mrefu kuliko safari nzima. Sitaeleza maneno yaliyotamkwa kwenye kona ya pili.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya chumba. Nyumba za mawe za mji wetu zimejengwa kwa kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo hazizidi urefu fulani. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti. Chetu kina upana wa mita 2.8 na urefu wa karibu mita 8. Nilianza kwa kuziweka spika kwenye ukuta mrefu, kwa kuwa hapo ndipo zilipopendeza, na matokeo yalikuwa mabaya: nilikuwa nimekaa karibu mno, nikisikia wufa, honi na tuita kama majirani watatu wanaogombana, na ukuta wa nyuma yangu ukiwaunga mkono wote. Ami alisema spika za honi zinataka umbali ili sauti zake zikutane kabla hazijamfikia mtu. Tulizihamishia kwenye ukuta mfupi, kila moja katika pembe yake, tukazielekeza ndani mpaka mistari yao ikutane mbele kidogo ya kiti changu, mita nne hivi kutoka hapo. Pembe za ukuta zikairudisha sehemu ya besi iliyopotea, na nikaelewa kwa masikio yangu kwa nini Klipsch alianza na pembe. Ukali ulipungua tulipotandika busati na kuegemeza matakia, na zidaka za ukuta wa nyuma, ambazo mamangu alizipanga vikombe vya kaure, zikatawanya mwangwi kuliko ukuta laini ungelivyofanya.

Tuita iliyokufa tuliibadilisha baada ya wiki tatu, kwa moja kuukuu ambayo Ami aliipata kwa fundi mwenzake Dar es Salaam. Kabla ya kufunga, alishika jiwe la tochi, akaligusisha kwenye waya za kila wufa huku mfuniko ukiwa wazi, nami nikitazama kwa kurunzi kama karatasi inakwenda mbele au nyuma. Moja ilikwenda kinyume. Mtu fulani, miaka isiyojulikana, alikuwa amegeuza waya, na jozi ile ilikuwa imekula besi yake yenyewe kwa muda wote huo. Tulipozisawazisha, hata mpwa wangu aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake.

Umeme ulirudi Machi. Jioni ile nilitoa amplifaya ya vali ya marehemu baba, nikaifuta vumbi, nikaiunganisha kwa fahari, tukakaa wote kusubiri ipate moto. Kabla ya sindano kugusa santuri, mvumo mzito ulijaa chumba kizima kutoka pembe zote mbili. Spika ndogo za zamani za nyumbani kwetu hazikuwahi kuusikilizisha mvumo ule, kwa kuwa hazikuwa na masikio ya kuusikia. Hizi zilikuwa zikikuza hata uchovu wa kapasita, vile vifaa vya kulainisha umeme ndani ya amplifaya, za mwaka nisioujua. Ami alisikiliza kwa muda, akainuka, akazima swichi ukutani, akauliza kikapu cha ukindu kimewekwa wapi.